Mji Wenye Wenyewe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Mji Mkongwe, Ng'ambo na Mitaa Tunayoijenga Leo

Maswali haya nimeyaokota barazani, darasani na kwenye simu. Mengine ni ya wanafunzi wa mipango miji, mengine ya watu walionunua viwanja nje ya mji na sasa wanashangaa mbona mtaa wao mpya umepoa namna ile. Mimi nimezaliwa Ng'ambo, upande wa mashariki wa mji wa Unguja, nikalelewa nusu na bibi yangu Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe, ule mji wa mawe, na riziki yangu inatokana na kuchora ramani za mitaa. Kwa hiyo nina upande, na sitauficha.

Mtu akisema "mtaa huu una wenyewe", anamaanisha nini?

Hamaanishi hati za nyumba. Anamaanisha kwamba ukipotea pale, kuna mtu atakuuliza unamtafuta nani kabla wewe hujafungua mdomo. Kiswahili kimewapa mahali ngeli ya peke yake, na ngeli hiyo ina milango mitatu: pale, kule, mle. Mtaa usio na wenyewe huwa "kule" hata kwa wanaolala ndani yake. Mtaa wenye wenyewe ni "mle": unahisi umeingia ndani ya kitu, ijapokuwa hukupita geti lolote. Kazi yote ya kusanifu mji, kwangu mimi, ni kuigeuza "kule" iwe "mle".

Na hilo halifanywi kwa mnara wala kwa taa za rangi. Hufanywa kwa kivuli, kwa mahali pa kukaa, kwa sababu ya mtu kusimama, na kwa jina.

Vichochoro vya Mji Mkongwe vilibanwa kwa makusudi?

Hakukuwa na mchoraji mmoja aliyekaa na rula. Sehemu kubwa ya mji unaouona leo ilijengwa katika karne ya 19, baada ya Sayyid Said, mtawala wa Oman, kuhamishia utawala wake Unguja kutoka Maskati, na ilijengwa nyumba moja baada ya nyingine. Kila mwenye nyumba aliacha nafasi ya mtu, punda na mzigo wake, akaona imetosha. Ila hao watu hawakuwa wajinga wa jua. Njia nyembamba katikati ya kuta za ghorofa mbili tatu hupata jua la moja kwa moja saa chache tu kutwa. Muda uliobaki kuta zenyewe ndizo mwavuli. Pita pale saa nane mchana, kisha katembee kwenye barabara ya mita kumi na mbili ya mtaa mpya usio na mti hata mmoja, halafu uniambie ipi ni ya kisasa.

Tahadhari moja lakini. Kubana tu si usanifu. Gari la zimamoto halipiti Hurumzi, na anayeugua ghafla usiku hubebwa hadi njia kubwa. Anayetaka kuiga vichochoro aige kivuli, lakini aache njia ya dharura kila baada ya nyumba kadhaa.

Baraza ni nini hasa, na kwa nini ninyi watu wa mipango hamliachi?

Ni kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, pembeni mwa mlango, kikitazama njia. Kimo chake ni cha goti. Upana wake unamtosha mtu kukaa akakunja miguu. Juu limepigwa chokaa, na chokaa yenyewe imeng'arishwa na makalio ya vizazi.

Ajabu yake ni swali la umiliki. Aliyelijenga ni mwenye nyumba, kwa fedha zake. Wanaolikalia ni wapita njia. Hakuna anayepiga hodi ili akae baraza la mtu, na hakuna anayepata ruhusa ya kuingia ndani kwa kuwa tu amekaa barazani. Ni mahali pa katikati, si ndani si nje, na mji wenye mahali pa katikati hauhitaji kuwalazimisha watu kujuana.

Nenda Soko Muhogo au Mkunazini baada ya alasiri. Kivuli kimeshaangukia upande wa magharibi wa njia, na watu wamekaa upande huo. Asubuhi hao hao walikuwa ng'ambo ya pili. Muuza kahawa ameweka dele lake juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono vimelala kwenye beseni la maji. Dhumna (domino) zinagongwa. Anapita kijana na mfuko wa mkate: "Shikamooni." "Marahaba." Mmoja anamwuliza mguu wa mamake umeendeleaje, mwingine anamwambia amfikishie salamu babake. Kijana ametembea hatua arobaini na watu sita wamejua kwamba amepita, anatoka wapi na anakwenda wapi. Hakuna kamera ya ulinzi inayofanya kazi hiyo kwa bei ya kikombe cha kahawa.

Masika nayo ina matumizi yake. Mvua ikishuka kwa nguvu vichochoro hugeuka mifereji, na watoto hutembea juu ya mabaraza, moja baada ya jingine, mpaka nyumbani na viatu vikavu.

Angalia pia lugha. Baraza la Wawakilishi, Baraza la Mawaziri, Baraza la Mitihani: vyombo vyote hivyo vinachangia jina moja na kiti kile cha mawe. Kwetu serikali na soga la jioni ni ndugu wa jina, na mtu akitaka kujua upepo wa siasa za Unguja unavumia wapi, huenda kwenye mabaraza na maskani, yaani vijiweni, kabla ya kusoma gazeti.

Sasa kuna wanaojengea baraza vyuma vyenye ncha ili watu wasikae, na wanaolipanga vinyago vya kuuzia wageni. Vinyago nitavisamehe, vinaondolewa jioni.

Na wanawake? Hadithi hii ya baraza ni ya wanaume watupu.

Swali la haki, na wengi wanaosifia baraza hulikwepa. Baraza la nje kwa desturi ni la wanaume. Wanawake walikuwa na mji wao juu na nyuma: uani, darini, na kwenye madirisha yenye vibao vya kuchungulia bila kuonekana. Lamu wana wikio, chumba kinachopita juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, ili jamaa watembeleane bila kushuka chini. Huko Lamu pia mlango una daka, ukumbi mdogo wenye viti vya mawe, ambapo mgeni husubiri.

Ua wa nyumba ya Kiswahili, ule wa Ng'ambo au Kariakoo, ndio uliokuwa baraza la wanawake: mbuzi ya nazi, majungu, watoto wa nyumba tatu wakiogeshwa pamoja. Nyumba ya ghorofa imemwondolea mwanamke ua na haikumrudishia kitu. Ndiyo maana nikipewa mchoro wa majumba ya ghorofa, swali langu la kwanza ni: hapa nguo zitaanikwa wapi, na anayezianika atazungumza na nani?

Darajani hakuna daraja, na Ng'ambo hakuna maji ya kuvuka. Majina haya yana maana gani?

Yana maana ile ile waliyokuwa nayo. Ardhi ndiyo iliyobadilika. Mji Mkongwe ulikuwa karibu kisiwa. Mkono wa bahari uliingia nyuma yake na kuutenga na upande wa mashariki, na watu wakavuka kwa daraja. Waliokaa upande wa pili wakawa watu wa ng'ambo. Mkono ule ulifukiwa kidogo kidogo, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 maji yalikuwa hayapo tena. Leo pale pana barabara na Soko la Darajani la tangu 1904. Jina limebaki kama alama ya maji ukutani baada ya mafuriko.

Mji wetu wote umeandikwa hivyo. Forodhani palikuwa pa ushuru wa forodha. Mkunazini pana asili ya mkunazi. Kiambishi hicho kidogo cha "-ni" kimefanya kazi kubwa kuliko vibao vyote vya manispaa. Zoezi la Anwani za Makazi la mwaka 2022 lilipokuja na namba za nyumba na majina ya njia, mitaa iliyokuwa na majina yake ilipokea namba na kuendelea kujiita ilivyojiita. Mitaa mipya isiyo na jina ndiyo iliyopewa majina ya haraka haraka. Ushauri wangu kwa kamati za mitaa: kabla ya kubuni jina, muulize mzee aliyekuwa akilima pale.

Ng'ambo si uswahilini tu? Mbona mnaizungumza pamoja na Mji Mkongwe?

Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, kwa hiyo hapa nivumilie.

Kwa muda mrefu vitabu na ramani vilihesabu mji wa mawe kuwa mji, na Ng'ambo kuwa nyuma ya mji. Hali kwa idadi ya watu Ng'ambo ndiyo iliyokuwa Unguja mjini: wapagazi, wavuvi, mafundi, watumwa walioachwa huru na vizazi vyao, wahamiaji kutoka bara na visiwani. Nyumba zao zilikuwa za miti na udongo, paa la makuti, ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, ua nyuma na, ndiyo, baraza mbele. Taarab, ngoma, mpira: vingi tunavyoviita utamaduni wa Zanzibar vilipikwa huko.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Mzee Karume iliamua kwamba mtu wa Ng'ambo astahiki nyumba ya kisasa, na wataalamu kutoka Ujerumani Mashariki wakachora. Ndipo yakaja majumba ya Michenzani, marefu kama treni, yamepangwa kwa msalaba na mzunguko wa barabara katikati. Mitaa ya zamani ilibomolewa kuyapisha. Nimesikia wataalamu wageni wakiyacheka. Mimi siyacheki. Mtu aliyekuwa akichota maji mbali alipewa bomba na taa, na hilo si jambo dogo. Lakini aliyechora hakuchora mahali pa kukaa chini. Wakaazi wakajichorea wenyewe: chini ya ngazi pakawa maskani, pembeni ya jumba pakawa kiosk, kwenye kivuli cha ukuta pakawa dhumna. Ukitaka kujua ramani ilisahau nini, tazama watu wameongeza nini.

Miaka ya 2010, idara ya mipango miji ya Zanzibar ilishirikiana na mji wa Amsterdam na taasisi ya African Architecture Matters katika mradi wa Ng'ambo Tuitakayo. Kilichonipendeza ni jinsi walivyoanza: kwa kuwauliza wakaazi mahali gani pana thamani kwao, na watu wakataja viwanja, misikiti, mabaraza, vilabu vya taarab. Hakuna aliyeanza na jengo refu. Ramani ya namna hiyo ingekuwa sharti la kwanza la kila mradi wa kubomoa.

Beit al Ajaib imeanguka sehemu. Mji umepoteza nini?

Umepoteza roho za watu kwanza: watu wawili walifariki tarehe 25 Desemba 2020, kazi za ukarabati zikiwa zinaendelea. Jengo lenyewe lilijengwa 1883 na Sayyid Barghash, na lilikuwa la kwanza hapa kuwa na taa za umeme. Ndiyo maana likaitwa Nyumba ya Maajabu. Lilipigwa mizinga na Waingereza mwaka 1896 katika vita visivyofika saa nzima, likasimama. Lililolishinda ni chumvi, maji na kuahirisha.

Kwa mwenyeji, hasara yake haimo kwenye picha za posta tu. Mnara wake wa saa ulikuwa dira. Ukitoka baharini au ukipotea Shangani, ulinyanyua kichwa ukajua uko wapi. Jengo la aina hiyo huhitajiwa moja au mawili mjini, si kila kona, na linapokosekana unatambua kwamba ulikuwa ukilitumia bila kuliangalia.

Nikarabati nyumba ya zamani kwa saruji au kwa chokaa?

Chokaa. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na udongo, umeshikwa kwa chokaa, na sakafu zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo sababu vyumba vyake ni virefu na vyembamba, boriti ndiyo iliyoamua upana. Ukuta huo unanyonya unyevu na kuutoa. Ukiupaka saruji umeuziba pumzi. Unyevu unabaki ndani, chumvi inafanya kazi yake, na siku moja plasta inadondoka na kipande cha ukuta.

Najua kwa sababu nyumba ya bibi yangu ilipakwa saruji na fundi aliyetuapia kwamba "hii haitoki maisha". Masika ya pili ukuta wa chumba cha chini ulivimba kama mkate wa boflo, ukigonga unasikia uwazi. Tuliibandua saruji yote kwa patasi, wiki tatu, tukapiga chokaa upya, na gharama ikawa mara mbili. Fundi tulimwona Darajani, akatupa shikamoo nzuri sana.

Kabla ya kugusa chochote pata kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa 1985. Mji uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na hata dirisha lina kanuni. Nyumba nyingi pia ni za wakfu, kwa hiyo hakikisha unayelipana naye ndiye mwenye kauli.

Utalii unauokoa mji au unauua?

Yote mawili, ila si kwa kasi moja. Baada ya 1964 wamiliki wengi waliondoka, nyumba zikagawiwa familia nyingi kwa kodi ndogo, na paa zikavuja bila mwenye kuziba. Fedha za hoteli zimeziba nyingi. Hilo ni kweli na lisemwe.

Lakini nyumba ikigeuka hoteli, baraza linabaki na waliokuwa wakikaa wanahamia nje ya mji. Wanarudi mchana kufanya kazi, jioni wanapanda daladala. Kipimo changu ni cha kienyeji: saa moja usiku hesabu watoto njiani. Ukimaliza kichochoro kizima hujamwona mtoto aliyetumwa dukani, hapo pamebaki jukwaa na waigizaji wameondoka. Ningependa sheria ilinde idadi ya wakaazi kama inavyolinda milango ya nakshi.

Forodhani ilikuwa bora kabla ya ukarabati au baada?

Baada. Najua nitapata maneno. Bustani ilikarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na ikafunguliwa upya 2009, na kulikuwa na hofu kwamba wauza mishikaki na urojo wangefukuzwa ili bustani ionekane safi. Walirudi. Ukingo wa bahari uliimarishwa na watoto bado wanajirusha majini kutoka pale, mmoja akikimbia, mwingine akipiga mbinja. Bustani inayomkaribisha mtalii na mtoto wa Kikwajuni kwenye ukuta mmoja imefaulu. Bei za pweza ni shauri jingine.

Nina kiwanja cha ishirini kwa ishirini nje ya mji. Haya yote yananihusu nini?

Yanakuhusu zaidi kuliko yanavyowahusu watu wa Shangani, maana wao wamerithi. Wewe utaanza.

Usipeleke ukuta wako hadi mwisho wa bikoni. Urudishe ndani mita moja tu, na katika mita hiyo jenga baraza upande utakaopata kivuli jioni. Kama unaogopa vibaka, jua kwamba ukuta wa futi nane humficha mwizi akishaingia. Mtu aliyekaa nje humzuia asiingie. Toboa ukuta kwa matofali ya matundu ili anayepita aone taa inawaka. Kama kiwanja ni cha kona, acha fremu ya duka. Duka la chumvi na vocha ndilo litakalowafanya majirani wafahamiane, kuliko kikundi cha simu.

Mti upande kabla ya msingi. Mwarobaini hukua haraka na mwembe huleta watoto, pamoja na mawe yao.

Na mkigawana viwanja kwa ukoo au kwa ushirika, muache kimoja kitupu. Kila mtu atasema ni hasara. Miaka mitano baadaye hapo ndipo mtakapofungia turubai la harusi na la msiba.

Nikitaka kuyaona haya kwa macho, niende lini na nipite wapi?

Jioni, baada ya alasiri, siku isiyo ya Ijumaa. Anzia Michenzani kwenye mzunguko, utazame watu walivyojipangia chini ya majumba. Shuka kwa miguu hadi Darajani, vuka barabara kwa uangalifu kwani hapo palikuwa bahari na sasa madereva wanaendesha kama bado ina mawimbi. Ingia Mkunazini, uache simu mfukoni, upotee. Ukifika penye baraza lenye nafasi, toa salamu kwanza ndipo ukae. Wakikusogezea kikombe, kunywa, na ulipe kabla hujainuka, maana muuza kahawa hatakukimbilia lakini kesho atakukumbuka.